Wasifu wa Fundi: uchambuzi wa kifo kimoja Dodoma

Wasifu wa marehemu una mpangilio ambao kila mtu anaujua. Kuzaliwa, wazazi, shule, kipaimara, kazi, ndoa kama ipo, kuugua, kifo, shukrani kwa madaktari na majirani, kisha "Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe." Sehemu ya kuugua huwa fupi kuliko zote. Familia ninayoieleza hapa ilikesha ikiigombania sehemu hiyo usiku wa kuamkia maziko, mwili ukiwa bado mochwari na turubai limeshafungwa uani.

Marehemu alikuwa kijana wa miaka 27. Kazi yake ilikuwa kutengeneza madirisha na milango ya alumini, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo. Alikuwa Fundi, hata kwa mama yake, nami nitamwita hivyo hivyo. Alifariki alfajiri ya Jumapili, kitandani kwake, kwa kuzidiwa na heroini, wiki tano baada ya kurudi kutoka nyumba ya upataji nafuu huko pwani, mahali pa kuachia dawa, alikokaa miezi minne bila kugusa kitu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Msibani nilifika kama jirani, na baada ya matanga nikaendelea na familia kikazi kwa sababu ya mtu mmoja nitakayemfikia. Mama na dada wa marehemu wameyasoma maelezo haya na wameridhia. Yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa.

Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu ukikiangalia kwa juu kinaonekana cha kawaida: kijana alitumia dawa za kulevya, dawa zikamuua. Ukikaa na watu waliokuwa karibu naye siku yake ya mwisho unaona kwamba dalili zote zilionekana na mtu fulani, ila hakuna aliyeziona zote. Kilichozizuia zisikutane ni aibu ile ile iliyotaka kuandika wasifu.

Fundi mwenyewe

Alikwenda Dar es Salaam baada ya kidato cha nne, akafikia kwa mjomba wake, akajifunza kazi kwenye karakana ya mtu. Huko ndiko alikoanzia kokteli, yaani msokoto wa bangi uliochanganywa na unga. Alimweleza dada yake kwamba mwanzoni alidhani ni bangi tupu. Namwamini, maana nimesikia hivyo kwa vijana wengi. Alipojua kilichomo, mwili ulikuwa umeshadai.

Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, kazi za ujenzi zilifumuka. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Iyumbu, Ilazo, Kisasa, hadi Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kila upande palikuwa na nyumba inapanda, na nyumba ikishapauliwa inasubiri madirisha. Mafundi waliokuwa Dar walianza kurudi, naye akarudi. Alipata nafasi kwenye karakana moja Kizota, na ndani ya mwaka akawa ndiye anayetumwa kuchukua vipimo.

Wenzake wanamkumbuka kwa vipimo hivyo. Aliviandika kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kifundo kwenda juu, dirisha moja mstari mmoja. Akirudi karakana anauweka mkono juu ya meza karibu na grinda na kukata profaili huku akijisoma. Bosi wake alimnunulia daftari; alilitumia kupigia hesabu za mlo. Nyumba kubwa ikiwa na madirisha mengi, mkono ulijaa hadi kwenye kiwiko, na siku hiyo alikataa kunawa mpaka kazi iishe. Ile mikono mirefu ya shati aliyoanza kuivaa baadaye, hata kwenye jua la Oktoba, ndiyo iliyomshtua bosi wake kabla mtu yeyote hajasema neno.

Mama yake anauza karanga za kukaanga na mlenda mkavu soko la Majengo. Anayeijua Dodoma anajua vumbi lake, na upepo unaolipeperusha vumbi hilo kuanzia Juni hadi Oktoba. Fundi alimtengenezea mama kabati dogo la kioo lenye fremu ya alumini na mlango wa kuteleza, karanga zikakaa safi na wateja wakaongezeka. Mwaka uliofuata kabati lilitoweka usiku mmoja. Lilifuatiwa na mtungi wa gesi, halafu simu ya dada. Aliporudi kutoka pwani, kazi yake ya kwanza kabla hajatafuta kibarua ilikuwa kutengeneza kabati lingine. Mama akilieleza leo husema yote mawili bila kutenganisha: la kwanza aliliuza, hili la pili akalitengeneza mwenyewe.

Naona huo ndio ukumbusho wa haki kwa mtu aliyekufa hivi. Msibani wengi walisema alikuwa mpole, na dada yake aliposikia hivyo kwa mara ya kumi alisema kwa sauti, "Alikuwa mpole, na aliiba simu yangu." Akina mama walimvuta pembeni wakidhani amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anamtaka kaka yake aliyemfahamu.

Jumamosi

Ushahidi wa siku ya mwisho niliukusanya polepole, kwa mtu mmoja mmoja, na nauweka hapa kama ulivyokuja.

Asubuhi Fundi alilipwa fedha ya awali ya kazi ya Iyumbu, kazi yake ya kwanza akiwa amejitegemea. Mchana alimtumia dada yake shilingi 50,000 kwa simu, na ujumbe wa maneno mawili: "ya simu." Dada alifurahi, akawaonyesha wenzake kazini. Kwa hiyo dada ndiye aliyejua kwamba ana fedha mkononi.

Mama alikuwa na lake. Kwa siku kadhaa mwanawe alikuwa halali vizuri, anaamka usiku, anatoka uani, anarudi. Alimuuliza, akajibu ni joto. Mama hakumwambia mtu. Sababu yake inaumiza: Jumapili chache nyuma walitoa sadaka ya shukrani kanisani, akina mama wakamzunguka Fundi na vigelegele, mchungaji akamwombea mbele ya watu wote. Sasa aanze vipi kusema kwamba kijana hatulii? "Mwanangu," aliniambia, "ningeonekana namkana Mungu aliyenijibu."

Jioni Fundi alikutana na rafiki wa zamani. Rafiki huyu alinitafuta mwenyewe, na namheshimu kwa hilo. Walikunywa bia, wakameza vidonge vya valiamu, halafu wakatumia unga, kiasi kile kile walichozoea kabla Fundi hajaenda pwani. Mida ya saa nne usiku Fundi alianza kusinzia akiwa anaongea, kichwa kinaanguka, akiitwa anaitika kidogo. Rafiki alishakuwepo mtu mwingine alipozimika hivyo hivyo, akajua hii siyo nzuri. Akamweka kwenye bodaboda, akamwambia dereva "amelewa, mfikishe kwa mama yake," akaondoka. Kwanini hukumpeleka hospitali? Aliniangalia kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. Chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya kutumia ni kosa, naye alishawahi kulala mahabusu. Aliona getini ataulizwa yeye ni nani.

Dereva wa bodaboda alimshika Fundi kwa mkono wa nyuma njia nzima asianguke. Kwake yeye alikuwa mlevi wa Jumamosi, basi.

Nyumbani palikuwa pameshalala. Fundi alikuwa analala chumba cha uani na mdogo wake, mtoto wa mama mdogo, kijana wa miaka 17 anayesoma sekondari. Mdogo alimfungulia, akamsaidia kuvua viatu, akamlaza chali. Baadaye kidogo Fundi alianza kukoroma. Mdogo anasema lilikuwa koroma zito lenye kitu kama maji ndani yake, linakatika, linakaa, halafu linaanza tena. Alisikiliza, akafurahi. Kaka yake alikuwa na siku nyingi hajapata usingizi. Akajifunika akalala.

Alipoamka kulikuwa hakuna sauti.

Mwili uliosahau

Swali ambalo mama aliniletea wiki ya pili ya matanga lilikuwa rahisi: alitumia miaka saba hakufa, inakuwaje atumie siku moja afe?

Heroini, kama zilivyo afyuni nyingine, hufanya kazi kwenye ubongo, na moja ya mambo inayoyagusa ni ile sehemu inayouamuru mwili upumue. Mtu anapotumia kila siku mwili hujizoesha. Dozi ile ile inapungua nguvu, naye anaongeza ili apate alichopata jana. Baada ya miaka anatumia kiasi ambacho mtu mgeni hawezi kukimudu. Mazoea hayo hayadumu. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, iwe gerezani, hospitalini au kwenye nyumba ya upataji nafuu, mwili unarudi karibu na ulivyokuwa kabla hajaanza. Kumbukumbu ya kichwani ndiyo isiyorudi. Mkono bado unapima kile cha zamani. Ukichanganya na pombe na valiamu, ambazo nazo zinadidimiza upumuaji, hatari inakuwa kubwa zaidi, na hiyo ni kabla hujahesabu kwamba unga wa mtaani haufanani nguvu kete hata kete.

Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka mahali pa kuachia ni za hatari kubwa kwa mtumiaji wa heroini. Familia hii ilizihesabu kuwa wiki za ushindi. Walimpokea stesheni ya treni ya mwendokasi kwa nyimbo. Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa. Walimchangia mtaji, wakamnunulia grinda na dreli. Yote yalikuwa mapenzi, na kwa mtu aliyetoka kwenye ugonjwa mwingine wowote yangetosha.

Kilichowapotosha zaidi ni arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea. Waliwahi kuishuhudia ndani ya nyumba yao: miayo isiyokoma, kamasi, machozi, vinyweleo vimesimama, kuhara, mifupa kuuma hadi anagonga magoti ukutani. Ukimwona mwanao hivyo unaamini kwamba hapo ndipo kifo kilipo, na akishavuka hapo amepona. Arosto ya heroini ni mateso makali, ila ni nadra kumuua kijana mwenye afya anayepata maji na uangalizi. Kifo kilikuwa kinamsubiri upande wa pili wa arosto, na kule pwani hakuna aliyewaambia. Alipotoka alipewa cheti na maombi. Karatasi ya kuieleza familia mambo manne matano kuhusu kurudia matumizi haikuwemo.

Kwanini haikuwa methadoni

Hapa nina maoni na sitayaficha.

Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na Dodoma huduma ipo Itega, chini ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Ni dawa ya maji, inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Inaondoa arosto, inapunguza hamu, na kwa kuwa yenyewe ni ya jamii ya afyuni, mwili haupotezi yale mazoea niliyoyaeleza. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kitu kimoja: mtumiaji wa heroini akiwa kwenye methadoni uwezekano wa kufa unashuka, akiiacha unapanda tena.

Familia iliijua. Dada alikwenda kuuliza, akarudi na maelezo. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yao na msemaji wa familia, alikataa. Alisema huko ni kumhamisha mtoto kutoka ulevi mmoja kwenda mwingine, tena wa Serikali. Hilo nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Jingine hakulisema waziwazi lakini mama alilisema: Mirembe. Hospitali ile ipo tangu 1927, na vizazi vyote vya Dodoma vimekua vikitaniana kwamba fulani atapelekwa Mirembe. Kijana anayeonekana akiingia kule kila asubuhi, na dada yake yuko nyumbani anasubiri posa, ni habari ya mtaa mzima. Nyumba ya pwani ilikuwa mbali. Majirani waliambiwa Fundi amepata kazi Bagamoyo.

Na kuna ugumu wa kweli ambao hauna uhusiano wowote na aibu. Fundi alumini hufuata nyumba ilipo. Leo Iyumbu, kesho Kongwa, wiki ijayo kazi ya siku nne Kondoa. Kufika kituoni kila siku kunakula nauli na saa za kazi, na bosi hakusubiri. Kwa hiyo simlaumu Fundi aliposema mwenyewe kwamba anaona bora aache mara moja. Alitaka kuwa mzima kabisa, asiwe mtu wa kunywa dawa kila asubuhi. Nasema tu kwamba kama angekuwa Itega, ile Jumamosi ingemkuta na mwili mwingine, na angekuwa na mhudumu anayemwona usoni kila siku, ambaye pengine angeuliza mbona hulali.

Koroma

Kijana wa miaka 17 alisikia kitu ambacho mtu aliyefundishwa angekitambua, na ni wachache mno waliofundishwa.

Mtu aliyezidiwa na heroini huwa na dalili tatu zinazokwenda pamoja: haamki hata ukimtikisa na kumwita, mboni za macho zimesinyaa mfano wa ncha ya pini, na anapumua polepole mno au kwa kukatika. Koroma zito lenye sauti ya majimaji kwa mtu asiyeamshika ni njia ya hewa inayoziba. Mwite kwa jina. Msugue mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, maumivu yake yanatosha kumwamsha mtu aliyelala tu. Asipoitika, mlaze kwa ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kikielekea nyuma kidogo ili asijisonge kwa matapishi, na apelekwe hospitali hapo hapo na mtu anayemwangalia njia nzima. Akiacha kupumua, apewe pumzi kwa mdomo. Hospitalini waambiwe kweli alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoiondoa heroini pale inapokamata ndani ya dakika chache. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wanaoishi na watumiaji nao waipate na wafundishwe kuitumia.

Na maziwa yasiguse mdomo wake. Najua ni mazoea yetu, mtu akisemekana amekula sumu tunakimbilia maziwa. Mtu asiye na fahamu hamezi, yanakwenda mapafuni.

Mdogo wake ndiye mtu niliyesema nitamfikia. Usiku wa wasifu alikuwa amekaa mlangoni, na wakubwa walipofika kwenye "aliugua ghafla" alisema, "Alikuwa anakoroma." Mjomba akamwambia anyamaze, watu wazima wanaongea. Akarudia. Mama akawaambia wamwache aseme. Akasema yote, viatu, kulala chali, koroma, kufurahi. Halafu akauliza kama angemwamsha angeamka.

Swali hilo alinirudia nalo mimi, na sikumdanganya. Nilimwambia inawezekana, kama angejua, na kama gari lingepatikana usiku ule. Nikamwambia pia waliojua kilichotumika walikuwa wawili, mmoja ndiye aliyekuwa anakoroma na wa pili alikuwa amekimbia polisi, na yeye mtoto alibaki na koroma peke yake bila habari nyingine yoyote. Nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kwamba jambo hili halitajwi. Usingeweza kumpa mtu ulinzi dhidi ya kitu ambacho amekatazwa kukijua. Tumerudia mazungumzo haya kwa namna mbalimbali. Analala sasa, shule amerudi.

Mstari

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya na hoja zake hazikuwa za kijinga. Alisema marehemu hawezi kujitetea. Alisema dada yake ana posa njiani, mama ana wateja, mdogo ana shule, na mtaa hausahau. "Aliyekwenda amekwenda, tuwafunike waliobaki." Kijijini kwao wilaya ya Chamwino, ambako ndiko wangezika, yeye ndiye angebaki akiulizwa.

Dada alimjibu kwa swali: "Mkiandika aliugua ghafla, sisi miaka saba yote tulikuwa tunauguza nini?"

Mama alikuwa kimya muda mrefu. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa amekaa kama mgeni, alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wakadhani anamsema marehemu. Mama alielewa vingine. Alisema yeye ataandika, kwa sababu ya huyu wa mlangoni. Kama karatasi itasema presha au malaria, mtoto huyu atakuwa mtu pekee duniani anayejua koroma lile lilikuwa nini, na atazeeka nalo.

Waliandika hivi: "Kwa miaka saba marehemu aliugua uraibu wa dawa za kulevya. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini. Ugonjwa ulimrudia, na amefariki usiku wa kuamkia Jumapili kwa kuzidiwa na dawa hizo." Baba mkubwa alikataa kuusoma, akausoma mjomba. Katika sehemu ya kazi waliongeza, kwa maneno ya bosi wake, kwamba hakuwahi kurudishiwa dirisha.

Mchungaji alikuwa ameandaa mahubiri ya vijana na starehe za dunia. Baada ya wasifu aliyaacha, akahubiri juu ya wagonjwa. Naona alifanya vizuri. Ukweli ukisemwa kaburini halafu ukageuzwa fimbo ya kuwachapia vijana waliosimama pembeni, watajifunza kuficha vizuri zaidi.

Baada ya maziko mambo yalikwenda kila upande. Wapo waliopunguza kufika matanga. Mteja mmoja wa Majengo aliacha kununua karanga, sababu anaijua mwenyewe. Akina mama wawili, mmoja wa kanisani na mwingine Mwislamu wa jirani, walimwendea mama kwa wakati tofauti, jioni, kila mmoja akifunga mlango nyuma yake, kumwambia kwamba naye anaye. Alichowaambia hakikuwa maneno ya faraja. Aliwaeleza arosto siyo mwisho, aliwaonyesha kwa mkono wake mtu anavyolazwa ubavu, na aliwapa namba 119, ambayo ni ya kupiga bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mimi ndiye niliyemfundisha kulaza ubavu, lakini anafundisha kuliko mimi.

Rafiki wa ile Jumamosi alikuja kwa mama siku ya arobaini, akasimama getini. Dada hakutaka aingie. Mama alimwingiza, akampa chakula, hakumsamehe kwa maneno na hakumfukuza. Alimwuliza maneno ya mwisho ya Fundi yalikuwa yapi. Fundi alikuwa anaongelea madirisha ya Iyumbu, rafiki alisema, kwamba mwenye nyumba anataka vioo vya rangi na yeye anaona vitatia giza ndani.

Kazi hiyo ilimaliziwa na saidia fundi wake wa Kizota, kijana wa miaka 22 ambaye kumbe naye alikuwa anatumia. Anakwenda Itega sasa. Wiki iliyopita alikosa siku mbili kwa sababu ya kazi ya nje ya mji, na mama alimpigia simu kumkumbusha kwamba akiendelea kukosa asirudi kwa kubahatisha, awaambie kituoni ukweli, kwani dozi itabidi ishushwe kwanza. Baba mkubwa ameomba jambo la wasifu lisizungumzwe tena kwenye vikao vya ukoo, na wamemkubalia hilo. Dada aliwaeleza upande wa posa kila kitu kabla hawajasikia kwa watu. Hawajarudi na jibu.